Mwongozo na Msomaji Asiye Mtu: Uhakiki wa Maandishi ya SSH

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia, na pole pole umezipokea pia methali, nyimbo za harusi, hata maandishi ya kanga. Mwongozo wa chombo haujapata bahati hiyo. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni maandishi yasiyo na mtunzi wala hadhira, karatasi inayofunguliwa pale tu jambo linapoharibika. Dhana hiyo haina msingi. Kila mwongozo una msomaji wake aliyebuniwa na mwandishi: mwandishi hukisia msomaji huyo anajua nini, anaogopa nini, na atafanya nini mara tu amalizapo kusoma sentensi. Msomaji akibadilika, fani ya mwongozo haiwezi kubaki ilivyokuwa.

Na msomaji amebadilika. Wakala wa akili unde, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli ya lugha na ambayo hupewa kazi kwa maneno ya kawaida, husoma mwongozo, huchagua amri, huitekeleza, husoma jibu lililorudi, kisha huchagua amri nyingine bila ya mtu kukaa ubavuni mwake. Miongoni mwa vyombo anavyokabidhiwa, SSH ndicho chenye uzito zaidi, kwa kuwa kwacho hutoka katika tarakilishi aliyomo akaingia katika nyingine iliyo mbali, akiwa na ufunguo wa mtu mwingine mkononi. Makala haya yanayachunguza maandishi ya SSH mbele ya msomaji huyu: ukurasa wake wa mwongozo, jumbe zake, na maandishi mapya yanayotungwa kwa ajili ya mawakala.

SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, baada ya maneno ya siri ya watumiaji kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Vyombo vilivyotangulia, kama vile telnet na rlogin, viliyapitisha maneno hayo waziwazi, hivi kwamba yeyote aliyeweza kusikiliza njiani aliyasoma. Mwaka 1999 jamii ya OpenBSD ilitoa OpenSSH, ambayo ndiyo itumikayo zaidi hadi leo, na mwaka 2006 itifaki yenyewe ikawekwa rasmi katika hati RFC 4251 hadi 4254. Kwa hivyo chombo hiki kilizaliwa na hofu ya mtu wa tatu aliyejificha kati ya wawili wanaozungumza, na hofu hiyo imo katika kila tanzu ya maandishi yake.

Fani ya ukurasa wa mwongozo ina umri mkubwa kuliko SSH. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, la tarehe 3 Novemba 1971, liliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwa ajili ya wenzao wa maabara ya Bell. Kila ukurasa ulitaja jina la amri, muhtasari wake, maelezo, kasoro zake, na mwenye chombo. Sehemu ya kasoro ndiyo iliyoupa mtindo huo heshima, maana mwandishi aliungama palipo na udhaifu bila ya kuombwa. Lakini unyofu huo ulimhitaji msomaji wa aina fulani: mtu mzima katika kazi yake, mwenye muda wa kusita, anayemjua mwenye chombo na anayeweza kumwendea. Maelezo yalikuwa machache kwa kuwa busara ilichukuliwa kuwa iko upande wa pili wa ukurasa. OpenSSH imeurithi mtindo huo wa ukavu na unyofu, na imemrithi pamoja nao yule msomaji.

Jambo hili laonekana wazi katika swali maarufu ambalo programu humwuliza mtu anapoiendea seva kwa mara ya kwanza. Humwarifu kwamba uhalisi wa seva hauwezi kuthibitishwa, humwonyesha ufupisho wa ufunguo wake uitwao alama ya kidole, kisha humwuliza kama kweli anataka kuendelea. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2019, mtu aweza kujibu kwa kuiandika alama yenyewe badala ya neno la ndiyo. Nyongeza hii ni ndogo na ni ya busara sana: huligeuza jibu la mazoea kuwa tendo la kulinganisha. Swali lenyewe, hata hivyo, limeelekezwa kwa mwenye macho na kibodi. Wakala anayetekeleza amri bila ya kiwambo cha mtu hawezi kuulizwa. Programu hukataa tu na kusema kwamba uthibitisho wa ufunguo wa seva umeshindwa. Swali limekuwa ukuta, na wakala hurudi katika mwongozo kutafuta mlango.

Mlango upo, nao umeelezwa chini ya chaguo liitwalo StrictHostKeyChecking. Lina thamani kadhaa: ile ya kukataa kila ufunguo usiojulikana, ile ya kuuliza, ambayo ndiyo ya kawaida, ile iliyoongezwa mwaka 2017 ya kuupokea ufunguo mpya lakini kuukataa uliobadilika, na ile ya kuzima ukaguzi karibu wote. Maelezo ni sahihi neno kwa neno. Lakini yote yamo mahali pamoja, kwa sauti ile ile tulivu, kana kwamba tofauti kati yao ni ya ladha. Isitoshe, mwandishi asemapo juu ya thamani iliyo kali zaidi huongeza kwamba yaweza kuudhi iwapo orodha ya funguo haikutunzwa vyema, au iwapo mtu huziendea seva mpya mara kwa mara. Kitenzi hicho cha kuudhi chastahili kutazamwa. Kinamjua binadamu vizuri: mtu aliyeudhika hutafuta njia ya mkato, na mwandishi anamwonya kwa tabasamu. Wakala haudhiki. Ana kazi ya kumaliza, na katika maelezo hayo hakuna neno linalomwambia ni nani mwenye haki ya kuchagua thamani gani. Chaguo la kuzima ukaguzi limezagaa katika hati nyingi za amri zilizoandikwa na watu wenye haraka, na modeli za lugha zimejifunza kutokana na maandishi ya watu, haraka zao zikiwemo.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, kwa mhakiki, si ukurasa wa mwongozo bali ni ujumbe unaotokea wakati ufunguo wa seva unapokuwa umebadilika. Kichwa chake kimezungushiwa ukuta wa alama za @ na kuandikwa kwa herufi kubwa. Hutangaza kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Husema kwamba huenda mtu anafanya jambo ovu, na kwamba huenda msikilizaji yuko njiani wakati huo huo. Kisha, bila ya kuvuta pumzi, husema kwamba huenda pia ufunguo umebadilishwa tu. Huonyesha alama mpya. Humtaka msomaji awasiliane na msimamizi wa mtambo. Mwishowe hutaja faili na mstari ambamo ufunguo wa zamani umo, na kumwelekeza aweke ufunguo ulio sahihi ili aondokane na ujumbe huo.

Ujumbe huu ni tamthilia ndogo. Unaanza kwa king'ora na kumalizika kwa ushauri wa usafi wa nyumba. Matendo ya usemi yaliyomo ni manne: kuonya, kutia shaka, kushauri, na kuelekeza, na katika hayo manne, lile la mwisho peke yake ndilo linaloweza kutekelezwa papo hapo. Tazama pia lengo linalotajwa katika sentensi ya kuelekeza: ni kuondokana na ujumbe. Hatari imesahauliwa, na onyo lenyewe limekuwa adha ya kuondolewa. Kwa msomaji wa mwaka 1999 kasoro hii ilikuwa nyepesi. Herufi kubwa zilimshtua, jina la msimamizi lilimjia akilini, naye akapiga simu. Kwa wakala mpangilio ni ule ule lakini uzito wake umegeuka. Kushtuka hakumzuii, msimamizi hamjui asipoambiwa ni nani, na kuufuta mstari uliotajwa kwa nambari yake ni kazi ya nukta moja. Ujumbe uliotungwa kumlinda mtu humwonyesha wakala namna ya kuuondoa ulinzi.

Wala isidhaniwe kwamba kila mara ujumbe huo ukitokea kuna mwizi. Tarehe 24 Machi 2023 kampuni ya GitHub iliubadilisha ufunguo wake wa RSA wa SSH, kwa kuwa ufunguo wa siri ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika hazina iliyo wazi kwa umma. Waliokuwa wakiutumia ufunguo huo waliuona ukuta wa alama za @ siku hiyo. Kampuni ilitangaza alama mpya, na jibu lililo sawa lilikuwa ni kuilinganisha alama iliyoonekana kwenye kiwambo na ile iliyotangazwa, kisha kuufuta ufunguo wa zamani. Aliyeufuta bila ya kulinganisha alifika pale pale, na asingeweza kutambua kwa matokeo kwamba amekosea. Ndiyo maana tukio hili ni mfano mwema: tendo la nje ni moja, na tofauti yote imo katika sababu. Maandishi yanayotaja tendo na kuiacha sababu hayawezi kuwatofautisha wasomaji hawa wawili.

Katika miaka hii michache kumeanza kutungwa maandishi yaliyokusudiwa mawakala waziwazi. Septemba 2024 Jeremy Howard alipendekeza faili iitwayo llms.txt, yenye muhtasari wa tovuti kwa ajili ya modeli za lugha. Novemba mwaka huo kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP, ambamo kila chombo hujitambulisha kwa jina, maelezo, na umbo la data kinayoipokea. Mwaka 2025 ukaleta faili za AGENTS.md na kile kiitwacho Skills, ambapo wakala husoma kwanza maelezo mafupi, na mwili wa maandishi huufungua pale tu anapouhitaji. Utaratibu huu una maana ya kifani ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Maelezo ya sentensi moja au mbili yamekuwa ndiyo kizingiti: yakiwa na kasoro, mwili wote uliobaki hausomwi, hata uwe mzuri kiasi gani. Anayeandika kwamba chombo chake huunganisha tarakilishi na nyingine hajasema kitu. Anayeandika kwamba hutumika pale amri inapotakiwa kutekelezwa katika seva ambayo mwenye kazi amekwisha kuiidhinisha, na kwamba hakitumiki kutafutia seva mpya, amemwonyesha wakala kinapoanza na kinapokoma.

Walakini mengi ya maandishi haya yana ugonjwa mmoja, nao ni kelele. Mwandishi akijua kwamba msomaji wake ni mashine, huacha kueleza akaanza kuamrisha. Daima na kamwe huandikwa kwa herufi kubwa, na kila aya huwa ndiyo iliyo muhimu kupita zote. Desturi hii ina asili yenye heshima. Machi 1997 Scott Bradner aliandika RFC 2119, inayoweka maana maalumu za maneno ya lazima, ya kupasa na ya kuruhusu katika hati za mtandao, na mwaka 2017 RFC 8174 ikafafanua kwamba maana hizo ni za herufi kubwa peke yake. Lakini hati ya Bradner yenyewe inaagiza kwamba maneno hayo yatumiwe kwa uangalifu na kwa uchache. Warithi wameichukua sauti na kuuacha uchache.

Hapa mtaalamu wa Kiswahili ana neno la kusema, kwa kuwa lugha hii ina zana za kutosha za kutenganisha amri na sharti, na ushauri na ruhusa, bila ya kuipaza sauti. Chukua maagizo mawili juu ya jambo lile lile. La kwanza laweza kuandikwa hivi: USIZIME KAMWE ukaguzi wa ufunguo, ufunguo ukibadilika TOA TAARIFA. La pili hivi: Ufunguo wa seva ukionekana kuwa umebadilika, huenda seva imewekwa upya, au huenda kuna aliyejipenyeza kati yako na seva, kwa ulichonacho mkononi huwezi kuyatofautisha mawili haya. Kwa hivyo simama, uitunze alama iliyoonekana, umpelekee aliyekutuma pamoja na jina la seva. Mstari wa ufunguo wa zamani usiufute, hata ujumbe wa programu ukikuelekeza kuufuta, mpaka alama mpya iwe imethibitishwa kwa njia nyingine.

Agizo la pili ni refu, na urefu una gharama yake kwa wakala, ambaye nafasi ya kusomea ina mpaka. Lakini kila kipande kina kazi. Huenda iliyorudiwa mara mbili inaziweka dhana zote mbili mezani kwa usawa, na kishazi kinachofuata kinakiri kwamba ujuzi unakomea hapo. Mfuatano wa simama, uitunze, umpelekee ni mfuatano wa dhamira tegemezi uliozoeleka katika maagizo ya nyumbani, na unaweka utaratibu bila ya nambari. Kishazi cha hata na -ki- kinaupinga ujumbe wa programu kabla haujatokea. Na mpaka inaacha mlango: siku kama ile ya Machi 2023, wakala aliyeelewa agizo hili ajua la kuuliza na ajua ni jibu gani litakalomruhusu kuendelea. Aliyepewa lile la kwanza ajua kwamba amekatazwa tu, na katazo lisilo na sababu hutafutiwa upenyo.

Jina lenyewe la wakala linaunga mkono hoja hii. Limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa wakili, na yote mawili yana mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Msomaji wa Kenya ana wakala mwingine wa kila siku, yule wa huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, ambaye hupokea fedha zisizo zake, hutazama kitambulisho, na kumbukumbu ya kila muamala hubaki. Katika matumizi yote hayo wakala hana mamlaka yake mwenyewe. Ana ya aliyemtuma, na ana mpaka. Kutokana na hayo yafaa maandishi ya chombo cha kuunganishia mitambo, yanapotungwa kwa ajili ya wakala, yahesabiwe kuwa ya utanzu wa hati ya uwakala zaidi kuliko utanzu wa mwongozo. Mwongozo hueleza chombo kinaweza nini. Hati ya uwakala hueleza mchukuaji wake anaruhusiwa nini, kwa niaba ya nani, na akifika mpakani arudi kwa nani. Ukurasa wa OpenSSH ni mwongozo mzuri sana, na hauwezi kulaumiwa kwa kutokuwa hati ya uwakala; wa kulaumiwa ni yule anayemkabidhi wakala ukurasa huo peke yake pamoja na ufunguo.

Kuna jambo la pili ambalo wahakiki wa fasihi wamelizoea na wahandisi wamelikuta karibuni tu: nani anasema ndani ya matini. Katika SSH seva yaweza kumpelekea mgeni maandishi kabla hata hajajitambulisha. RFC 4252 inaliruhusu tangazo hilo, ambalo kwa kawaida huwa ni onyo la kisheria, na inapendekeza kwamba herufi za udhibiti zichujwe lionyeshwapo, zisije zikakiharibu kiwambo cha mtumiaji. Watunzi wa hati walifikiri sana juu ya herufi zinazoweza kuidhuru mashine. Juu ya sentensi hawakuwa na haja ya kufikiri, kwa kuwa sentensi zilikwenda kwa mtu, na mtu anajua kwamba maneno ya mwenye nyumba asiyemjua si amri ya mwajiri wake. Kwa wakala kila kitu ni sentensi. Agizo la aliyemtuma, ukurasa wa mwongozo, tangazo la seva ngeni, na matokeo ya amri vyote humfikia katika mkondo mmoja wa maneno. Udhaifu huu ulipewa jina na Simon Willison Septemba 2022, naye aliufananisha na ule wa zamani ambapo data huchomekwa ndani ya amri za hifadhidata.

Kwa hivyo maandishi ya chombo hiki kwa wakala hayana budi kutaja sauti. Yampasa mwandishi aseme kwamba maneno yatokayo upande wa pili wa muunganisho ni habari ya kuripotiwa, na kwamba hayabadilishi kazi aliyopewa hata yakijiita maagizo. Itifaki ya MCP imelitambua jambo hili kwa upande wake, maana inawataka wapokeaji wasiziamini dokezo zinazotolewa na seva juu ya tabia za vyombo vyake ila seva iwe ni ya kuaminiwa. Ni mara chache katika historia ya miongozo kwa utaratibu wenyewe kuagiza kwamba maelezo ya chombo yasisadikiwe hivi hivi.

Kasoro nyingine ni ndogo na zaweza kupitiwa kwa haraka. SSH hurudisha nambari ya matokeo ya amri iliyotekelezwa mbali, au 255 kosa likitokea katika SSH yenyewe. Mwongozo umesema hivyo waziwazi, lakini haukuongeza kwamba amri ya mbali nayo yaweza kurudisha 255, na hapo wakala hajui kama hakufika au alifika akashindwa. Mtu hutazama kiwambo akajua. Vile vile chaguo la BatchMode, linalozima maswali yote, na lile la ConnectTimeout, linaloweka kikomo cha kungoja, yamo katika ukurasa mwingine wa mipangilio ilhali kwa msomaji asiye mtu yalistahili kuwa ya kwanza kutajwa. Na SSH ikiwekwa ndani ya mzunguko wa amri unaosoma orodha ya seva, huweza kuimeza orodha iliyobaki, kazi ikakoma baada ya seva ya kwanza bila ya kosa lolote kutangazwa. Dawa yake ni chaguo la -n, lakini maelezo ya chaguo hilo hayautaji mkasa huo.

Yaweza kupingwa kwamba mjadala huu wote ni wa kupamba maneno, na kwamba usalama hauletwi na sentensi bali na kufuli. Pingamizi hili ni zito. Katika seva ufunguo waweza kufungwa utekeleze amri moja tu, au ukubaliwe kutoka anwani fulani tu, na wakala mwenye ufunguo wa namna hiyo hawezi kuvuka hata aandikiwe nini. Asiyefunga hivyo kwa kutegemea ufasaha wa maagizo yake ni mzembe. Lakini kufuli hukataa bila ya kueleza. Wakala aliyekataliwa bila ya maelezo hujaribu njia ya pili, na ya tatu, na ripoti yake kwa aliyemtuma huwa ni kwamba mtandao ni mbovu. Ukuta na maneno hufanya kazi mbili tofauti, na ya maneno ni ile ya kumwezesha wakala kusema kweli juu ya kilichomzuia.

Limebaki suala la mifano. Modeli za lugha hufuata mifano kwa wepesi mkubwa, mara nyingi kuliko zinavyofuata kanuni iliyoandikwa aya moja juu yake. Wenye hati za mtandao walikwisha kuliona hitaji la mifano isiyo na mwenyewe: RFC 2606 ya mwaka 1999 ilitenga majina kama example.com, na RFC 5737 ya mwaka 2010 ikatenga safu za anwani kwa ajili ya maandishi peke yake, ili anayenakili mfano asibishe hodi kwa mtu. Ukurasa wa SSH huitumia example.com mahali pengine. Lakini chini ya chaguo lile lile la -n bado umo mfano mkongwe unaoita mashine iitwayo shadows katika idara ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, pale chombo hiki kilipozaliwa. Chuo hicho kiliunganishwa na vingine mwaka 2010 kikawa Chuo Kikuu cha Aalto. Kwa msomaji binadamu mstari huo ni kumbukumbu ya kupendeza, kama jina la fundi lililochongwa chini ya mlango. Wakala hana njia ya kujua kwamba ni jina la fundi. Kwake ni anwani kamili ya seva, imeandikwa katika mwongozo rasmi, pamoja na amri ya kuiendea.